Kitenzi Kilichokatazwa Kutembea Peke Yake

Mwishoni mwa miaka ya 1990, wahandisi wa kampuni ya Sun Microsystems ya California walichapisha waraka wa kupinga neno moja. Neno hilo lilikuwa delegate. Kwa Kiswahili tungesema mjumbe. Wahandisi hao ndio waliokuwa wakiilea lugha ya Java, na Microsoft ilikuwa imeliingiza neno hilo katika toleo lake la Java bila ridhaa yao. Waraka ulieleza, hoja baada ya hoja, kwamba mjumbe hahitajiki: kila anachofanya kinaweza kufanywa na yale ambayo Java inayo tayari, na kumkaribisha kungeharibu usahili wa lugha. Machi 18, 2014, Java ilimkaribisha, kwa jina jingine na mavazi mengine. Kampuni iliyoandika waraka ule haikuwepo tena kushuhudia.

Kwa mbali, huu ni ugomvi wa mafundi kuhusu nukta na mabano. Lakini swali lililokuwa chini yake ni la kisarufi, na msemaji wa Kiswahili ana bahati ya kulielewa upesi: je, kitenzi kinaweza kutembea peke yake, bila nomino ya kukibeba?

Chukua kitenzi -lima. Kikivaa ku- kinakuwa kulima, na papo hapo kinapata haki zote za nomino. Kinakuwa kiima: kulima kunachosha. Kinakuwa shamirisho: napenda kulima. Kinamilikiwa: kulima kwake kumetusomesha. Wanasarufi wamekipa ngeli yake kabisa. Hatulazimiki kumtaja mkulima ili tuzungumzie kulima; tunaweza kulichukua tendo, tukamkabidhi mtu, na mtu huyo akalitenda wakati wake ukifika. Lugha nyingi za kompyuta zilizotawala maofisini na vyuoni miaka ya 1990 hazikuwa na ku- ya aina hiyo. Hii ni habari ya jinsi zilivyoipata, na kwa nini zilichelewa.

*

Habari inaanzia mahali ambapo hapakuwa na kompyuta. Alonzo Church, mzaliwa wa Washington wa mwaka 1903, alisomea hisabati Princeton na akarudi kufundisha hukohuko. Alichotaka ni msingi mpya wa mantiki, na mwaka 1932 alichapisha mfumo wake wa kwanza. Ndani yake mlikuwa na alama moja ndogo yenye matokeo makubwa.

Mwanahisabati alizoea kuipa funksheni jina kwanza, kisha aizungumzie: tuseme f(x) = x². Church aliona kwamba jina lile ni mzigo. Kwa maandishi ya leo tungeandika λx.x², yaani "kile kinachopokea x na kurudisha x mara x". Hakuna f. Funksheni imezaliwa bila jina, na inaweza kukabidhiwa funksheni nyingine kama namba inavyokabidhiwa.

Kwa nini herufi ya lambda? Church mwenyewe aliacha majibu mawili. Katika barua ya mwaka 1964 alieleza kwamba ilitokana na kofia ambayo Whitehead na Russell waliivisha herufi katika kitabu chao cha misingi ya hisabati. Kofia ikashushwa, ikawekwa mbele ya herufi, kisha ikageuzwa kuwa lambda ili iwe rahisi kuchapa. Miaka ya baadaye, alipoulizwa tena, alisema alihitaji herufi tu na lambda ndiyo iliyotokea.

Mfumo ule wa kwanza ulianguka. Mwaka 1935 wanafunzi wake wawili, Stephen Kleene na J. Barkley Rosser, walithibitisha kwamba unajipinga wenyewe. Church hakuutupa wote. Alibakiza kipande kinachohusu funksheni pekee, na mwaka 1936 akakitumia kuonyesha kwamba yapo maswali ya hisabati ambayo hakuna utaratibu wa kimashine unaoweza kuyajibu yote. Mwaka huohuo kijana wa Uingereza, Alan Turing, alifikia hitimisho hilohilo kwa njia nyingine: mashine ya kufikirika inayosoma na kuandika alama kwenye utepe usio na mwisho. Turing akavuka bahari kwenda Princeton, Church akamsimamia, na mwaka 1938 akapata shahada ya uzamivu.

Njia hizo mbili zilithibitishwa kuwa na nguvu sawa. Chochote ambacho mashine ya Turing inaweza kukokotoa, lambda nayo inaweza. Lakini kompyuta zilizojengwa baada ya vita zilifuata sura ya mashine: kumbukumbu, anwani, amri moja baada ya nyingine. Lambda ikabaki kwa wanahisabati.

*

Aliyeitoa huko ni John McCarthy. Mwaka 1958, akiwa MIT, alianza kubuni lugha ya Lisp, na Aprili 1960 makala yake ikachapishwa. Alihitaji namna ya kuandika funksheni isiyo na jina, akachukua neno LAMBDA kutoka kwa Church. Baadaye alikiri waziwazi kwamba alichukua maandishi tu. Sehemu kubwa iliyobaki ya kazi ya Church hakuwa ameielewa. Deni hilo lilidaiwa mapema.

Tuseme mama mmoja wa Pemba anamtuma kijana wake Bukoba na ujumbe huu: "Waambie kwamba mzee ameridhia." Kijana anafika, anapokelewa, anausema ujumbe alivyoupokea. Waliokaa barazani wanageuka kumtazama mzee wao, babu wa pale Bukoba, ambaye hana habari ya lolote. Kwa aliyetuma, "mzee" alikuwa baba wa Pemba. Kwa waliopokea, ni yule aliyeketi mbele yao. Ujumbe umefika salama na maana imepotea njiani.

Lisp ya mwanzo ilikuwa na ugonjwa huo. Funksheni ilipotumika palepale ilipoandikwa, hakuna aliyeona tatizo. Ilipokabidhiwa funksheni nyingine, majina yaliyokuwa ndani yake yalitafsiriwa kwa mazingira ya ugenini badala ya mazingira ya nyumbani. Mwanzoni McCarthy alilichukulia jambo hilo kama hitilafu ya kawaida ya kurekebishwa. Lilikuwa zaidi ya hapo: lilikuwa swali la tendo linasafiri na nini.

Mwaka 1964 Mwingereza Peter Landin alitoa jibu. Funksheni, alieleza, isitumwe mikono mitupu. Ifungwe pamoja na mazingira ilimozaliwa, ili kila jina lililo ndani yake libaki na maana ya nyumbani popote litakapofika. Fungu hilo la tendo na kumbukumbu yake ndilo linaloitwa klosha hadi leo. Kijana wa Pemba sasa anasafiri na picha ya mzee mfukoni.

*

Wakati huohuo jijini Oslo, kwenye kituo cha kompyuta cha taifa la Norwe, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walikuwa na shida tofauti. Walitaka kuiga ndani ya kompyuta mambo ya dunia halisi, kama foleni za watu na mizigo. Waliona ni vyema kila kilichomo katika foleni kiwe na kumbukumbu yake na vitendo vyake. Wakaita kila kimoja kitu, na ramani ya kuviumba vitu vya namna moja wakaiita klasi. Lugha yao, Simula 67, ndiyo mama wa lugha zote zinazojengwa juu ya vitu.

Kwa hiyo kufikia mwisho wa miaka ya 1960 palikuwa na koo mbili. Ukoo wa lambda ulianza na kitenzi: nipe tendo, nitalituma popote. Ukoo wa vitu ulianza na nomino: niambie nani yupo, kisha nitauliza anaweza kufanya nini. Hazikuwa koo za maadui. Katika miaka ya 1970 lugha ya Smalltalk, iliyobuniwa Xerox PARC na Alan Kay, Dan Ingalls, Adele Goldberg na wenzao, ilifanya kila kilichomo kuwa kitu, na bado ikaruhusu kipande cha msimbo kifungwe kwa mabano ya mraba na kukabidhiwa kitu kingine. Hata kuuliza "kama ni hivi, fanya vile" kulifanyika kwa kukipa kitu kipande kama hicho.

Ugunduzi wa ajabu zaidi ulitokea MIT mwaka 1975. Gerald Sussman na mwanafunzi wake Guy Steele walikuwa wakijaribu kuelewa nadharia ya Carl Hewitt kuhusu wahusika wanaopelekeana ujumbe, nadharia iliyo jirani sana na ile ya vitu. Waliandika lugha ndogo yenye wahusika na lambda pamoja, na safari hii lambda zao zilibeba mazingira yao kama Landin alivyoagiza. Lugha hiyo ndiyo Scheme. Walipochunguza msimbo walioandika, wakakuta kwamba sehemu inayoendesha mhusika na sehemu inayoendesha lambda ni kitu kilekile. Tofauti ilikuwa kwenye majina tu.

Ukifikiri, si ajabu. Kitu ni vitendo kadhaa vinavyochangia kumbukumbu moja. Klosha ni kitendo kimoja kilichobeba kumbukumbu yake. Aliye na kimoja anaweza kukitengeneza kingine. Koo mbili zilikuwa za babu mmoja, na mwaka 1975 kulikuwa na vijana wawili walioshika ushahidi mkononi.

Jina la Steele litarudi.

*

Java ilitangazwa Mei 1995. Agosti mwaka huohuo Alonzo Church alifariki dunia, na katika lugha hiyo mpya hapakuwa na alama ya lambda yake. James Gosling na wenzake walikuwa wamejenga lugha ya nomino. Kila kitendo kilipaswa kukaa ndani ya klasi. Kitendo kisicho na klasi hakikuwa na pa kuishi. Na mmoja wa waandishi watatu wa kitabu rasmi cha kanuni za Java, kilichotoka 1996, alikuwa Guy Steele yuleyule, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Sun. Gosling alieleza miaka ya baadaye kwamba klosha ziliachwa nje hasa kwa sababu muda uliwabana.

Ili kuona gharama yake, chukua kazi ndogo: una orodha ya majina na unataka kuyapanga kwa urefu. Kompyuta inajua kupanga. Kinachokosekana ni agizo moja: ukishika majina mawili, linganisha urefu wake. Kwa miaka mingi, Java ilidai uliseme hivi:

Collections.sort(majina, new Comparator<String>() {
    public int compare(String a, String b) {
        return a.length() - b.length();
    }
});

Agizo lako ni mstari wa tatu. Mingine ni itifaki. Kwa kuwa kitenzi hakiruhusiwi kutembea peke yake, inabidi uumbe kiumbe kizima cha aina ya "Mlinganishaji", umpe uwezo mmoja tu wa kulinganisha, kisha umtume. Ni kama Kiswahili kingekataa "kulima kunachosha" na kukulazimisha kila mara umzae mkulima kwanza. Mwaka 2006 mhandisi Steve Yegge aliandika insha ya kejeli kuhusu Java kama ufalme wa nomino, ambamo vitenzi ni watumwa wasioruhusiwa kutoka nje bila bwana. Ilisambaa sana kwa sababu kila aliyeisoma alikuwa ameandika ile mistari ya itifaki jana yake.

*

Mdenmark Anders Hejlsberg aliliona tatizo hili mapema, kwa kuwa alikuwa akishughulika na vitufe. Programu ya dirishani haiendi kwa mstari kama hotuba. Inakaa na kusubiri. Mtu akibofya kitufe, jambo fulani lifanyike. Lakini aliyetengeneza kitufe hajui ni jambo gani; anayejua ni wewe unayekitumia. Kwa hiyo lazima uweze kukiambia kitufe: "Ukibofywa, fanya hili." Yaani umkabidhi tendo.

Katika lugha ya C unaweza kutoa anwani ya funksheni iliyomo kwenye kumbukumbu ya mashine. Lakini anwani haijui ni ya kitu gani, na ukikosea aina yake programu inaweza kuanguka vibaya. Katika Delphi, iliyotolewa na kampuni ya Borland mwaka 1995, Hejlsberg na wenzake walitumia jozi: kitu, pamoja na anwani ya kitendo chake. Lilikuwa toleo dogo la wazo la Landin: tendo lisafiri na nyumbani kwake.

Mwaka 1996 Hejlsberg alihamia Microsoft, na jozi ile akaenda nayo. Visual J++ 6.0, toleo la Java la Microsoft la mwaka 1998, lilikuja na neno delegate. Unatangaza sura ya mjumbe: anapokea nini, anarudisha nini. Kisha unamfunga mjumbe kwa kitendo cha kitu fulani, na kompaila inahakikisha kwamba sura zinalingana. Kuanzia hapo mjumbe ni kitu kama vitu vingine: unaweza kumweka kwenye kumbukumbu, kumpitisha, kumkabidhi kitufe. Anayemwita hajui ametoka kwa nani na hana haja ya kujua. Mjumbe hauawi, tunasema, kwa sababu ujumbe si wake. Mjumbe wa Hejlsberg naye ni hivyo, amebeba neno la mwingine na jukumu lake ni kulifikisha. Wajumbe kadhaa waliweza pia kufungwa pamoja, ukiita mara moja wote wakatenda kwa zamu.

Jibu la Sun ni ule waraka. Walisema waliwahi kulifikiria jambo hilo mwaka 1996, wakashauriana na Borland yenyewe, na wakaamua kwamba klasi za ndani, ambazo Java ilizipata mwaka 1997, zinatosha. Microsoft nao wakaandika waraka wa kujibu waraka.

Tuwatendee haki Sun. Java iliuzwa kwa ahadi moja: andika mara moja, endesha popote. Msimbo wenye neno ambalo kompaila moja tu inalijua unavunja ahadi hiyo, na aliyeliongeza alikuwa kampuni yenye nguvu kuliko zote katika biashara ya kompyuta za mezani. Tangu Oktoba 1997 kampuni hizo mbili zilikuwa mahakamani San Jose, California, Sun ikidai kwamba Microsoft imevunja mkataba wa leseni. Mjumbe hakuwa kiini cha kesi. Alikuwa sehemu ya madai mapana kuhusu Java isiyolingana na Java. Novemba 1998 jaji Ronald Whyte alitoa zuio la muda dhidi ya Microsoft. Januari 2001 wakamalizana: Microsoft ikalipa dola milioni 20 na kukubali kutotumia tena alama ya biashara ya "Java Compatible".

Ugomvi wa kampuni uliisha, lakini ugomvi wa wazo ulikuwa umeshapata ubaya wa kibiashara. Ndani ya Java, mjumbe alikuwa sasa na harufu ya adui.

*

Microsoft walikuwa tayari na lugha yao. C#, iliyobuniwa chini ya Hejlsberg, ilitangazwa mwaka 2000 na kutolewa rasmi mwaka 2002, mjumbe akiwa ndani tangu siku ya kwanza. Kisha itifaki ikapunguzwa hatua kwa hatua. Mwaka 2002 ilikubidi uandike kitendo chenye jina mahali fulani, ndipo umfunge mjumbe. Mwaka 2005 kitendo kiliweza kuandikwa papo hapo bila jina. Novemba 2007, katika C# 3.0, ule mpango wa majina ukawa hivi:

majina.Sort((a, b) => a.Length - b.Length);

Huu ni usemi wa lambda. Hakuna jina, hakuna klasi, hata aina za a na b hazikutajwa. Kompaila inajua Sort inasubiri mjumbe wa sura gani, na inajaza yaliyobaki. Mjumbe hajafutwa. Yeye ndiye aina, ndiye umbo linalotarajiwa mlangoni; lambda ni njia fupi ya kumwandika. Kazi ya Church ya mwaka 1932 na jozi ya Delphi zimekutana kwenye mstari mmoja.

C# ilikwenda mbali zaidi. Lambda ileile ingeweza kupokewa kama tendo la kutendwa, au kama maelezo ya tendo yaliyohifadhiwa kwa umbo la mti, ili programu nyingine iyasome na kuyatafsiri, kwa mfano kuwa swali la hifadhidata. Kulizungumzia tendo bila kulitenda: msemaji wa ku- hatashangaa.

Na ugonjwa wa Pemba na Bukoba ulirudi kwa sura mpya. Mtu aliyeandika kitanzi cha kupitia orodha, na ndani yake akatengeneza lambda kwa kila jina, alikuta lambda zote mwishoni zinataja jina moja, la mwisho. Kila lambda ilikuwa imebeba mazingira yake vizuri. Tatizo ni kwamba mazingira yenyewe yalikuwa ya wote, na kitanzi kilikuwa kikiyabadilisha. Waandishi wa programu waliteseka na jambo hili kwa miaka hadi C# 5.0, mwaka 2012, ilipobadilisha maana ya kitanzi cha foreach ili kila mzunguko uwe na kigezo chake. Wabunifu wa lugha huogopa sana kubadilisha maana ya msimbo ulioandikwa tayari. Safari hii waliona kuacha kungekuwa kubaya zaidi.

*

Java nayo ilianza kujiuliza. Karibu mwaka 2005 vichakataji viliacha kuongezeka kasi kama zamani. Badala yake kila kompyuta ilipewa viini viwili, vinne, vinane. Ili kuvitumia vyote, ni lazima uweze kuiambia maktaba: hili hapa tendo, ligawe wewe mwenyewe kwa viini ulivyonavyo. Uchache wa maneno ulikuwa anasa. Kutuma tendo sasa kukawa hitaji.

Mwaka 2006 Gilad Bracha, Neal Gafter, Peter von der Ahé na Gosling mwenyewe walipendekeza klosha kamili. Joshua Bloch, ambaye maktaba zake hutumiwa na kila mwandishi wa Java, akapinga: lugha ingelemewa, na wasomaji wa msimbo ndio wangelipa. Yeye, Bob Lee na Doug Lea wakatoa pendekezo dogo zaidi. Mabishano yalidumu miaka. Novemba 2009, kwenye mkutano wa Antwerp, Ubelgiji, Mark Reinhold wa Sun alitangaza kwamba klosha zitaingia. Miezi miwili baadaye Oracle ilikamilisha kuinunua Sun, na jina la Sun likaanza kutoweka kwenye milango.

Kazi ikaangukia timu ya Brian Goetz, na suluhisho lao lilikuwa la busara ya mwenye nyumba kongwe. Hawakuongeza aina mpya ya mjumbe. Walisema: kiolesura chochote chenye kitendo kimoja kinachosubiri kuandikwa kinaweza kupokea lambda. Kwa hiyo yule Mlinganishaji wa zamani, na maktaba zote zilizoandikwa tangu miaka ya 1990, zikapata uwezo wa kupokea lambda bila kuguswa. Kuhusu vigezo vya nje, walichagua tahadhari: lambda ya Java inaruhusiwa kubeba tu kigezo ambacho hakibadiliki. Mzee wa Pemba hawezi kubadilishwa kijana akiwa njiani.

Java 8 ilipotoka, mpango wa majina ukawa mstari mmoja. Ikaja pia alama ya nukta pacha mbili: ukiandika mashine::chapa unapata kitendo cha chapa kilichofungwa kwa kitu kinachoitwa mashine, tayari kutumwa. Kitu na kitendo chake, jozi ile ya Delphi, ambayo waraka ulisema haihitajiki.

Kwa vijana waliojifunza kutengeneza programu za simu Dar es Salaam, Nairobi au Kampala katika miaka hiyo, mambo haya hayakuwa ya mbali. Programu za Android ziliandikwa kwa Java, na kila kitufe kilidai kiumbe kizima cha kusikiliza, mistari minne au mitano ya itifaki kwa agizo moja. Vifaa vya Android vya kutengenezea programu viliwaletea lambda hizo kikamilifu mwaka 2017 tu. Ni nyasi za mbali sana na tembo waliopigana San Jose, lakini zilikanyagwa.

*

Ukiusoma waraka wa Sun leo, jambo la kushangaza ni kwamba hoja yake kuu ilikuwa kweli. Mjumbe hahitajiki. Kila kilichoandikwa kwa lambda katika Java 8 kiliweza kuandikwa kwa klasi za ndani mwaka 1997. Lakini kwa kipimo hicho klasi nazo hazihitajiki, wala vitu, wala Java. Church na Turing walishaonyesha mwaka 1936 kwamba utepe na alama chache vinatosha kwa kila kinachoweza kukokotolewa. Kuuliza kama neno linahitajika ni kuuliza swali ambalo jibu lake daima ni hapana. La maana ni kuuliza ni wazo gani mtu ataacha kuliwaza kwa sababu kulisema kunamchosha.

Sisi nasi tungeweza kuishi bila ku-. Tungemtaja mkulima kila mara, msomaji kila mara, mpotevu kila mara, na tungeelewana vizuri tu. Ila yupo mtu, hatumjui jina, aliyeweza kuvikamata vitenzi viwili visivyo na mwenyewe na kuvisimamisha kimoja mbele ya kingine, na tangu hapo tunaambiana hivyo kila mambo yanapotuchukua muda mrefu kuliko ilivyopasa: kupotea njia ndiko kujua njia.